Mlima Haulipi Peke Yake: Soma Hapa Kabla Hujanunua Miche ya Zabibu za Mvinyo

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa kijijini unayekusanya mazao kwa mizani yako, leo sitazungumzia mbolea wala dawa. Leo tutagombana kidogo, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Wiki mbili zilizopita alikuja ofisini kwangu mzee mmoja ninayemheshimu sana, mkulima wa viazi na mahindi huku kwetu nyanda za juu. Alikuwa na simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na video: mlima wenye theluji, matuta ya mawe, mizabibu mifupi, halafu mtu anamimina mvinyo mweupe kwenye glasi. Chini yake mtu ameandika bei ya chupa kwa euro, akaibadilisha kuwa shilingi, akamalizia: "Fursa kwa wakulima wa maeneo ya baridi. Miche ipo. Wahi."

Mzee aliniuliza swali la haki kabisa. "Bwana shamba, wale wana baridi na sisi tuna baridi. Wana miteremko na sisi tuna miteremko. Vishamba vyao ni vidogo kama vyangu. Kwa nini wao wauze chupa moja kwa bei ile, na mimi niuze viazi kwa lumbesa?"

Alikuwa ameshapanga kuchukua mkopo kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Miche 600 kwa nusu ekari, kila mche shilingi 5,000. Hiyo ni milioni tatu, kabla hajanunua nguzo hata moja wala waya.

Nilimwambia, "Mzee wangu, usinunue." Na wewe nakuambia hivyo hivyo. Kama hunywi pombe, endelea kusoma tu, maana habari hii inahusu viazi vyako, kahawa yako na maharage yako kuliko inavyohusu pombe.

Mvinyo wenyewe ni upi

Ile video niliitazama mara tatu. Chupa ilikuwa imeandikwa Morgex na La Salle. Hivyo ni vijiji viwili vya bonde la Valle d'Aosta, kaskazini magharibi mwa Italia, chini ya mlima Mont Blanc ambao una urefu wa zaidi ya mita 4,800. Mizabibu yao iko kati ya mita 900 na 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa Ulaya hayo ni miongoni mwa mashamba ya mizabibu yaliyo juu zaidi.

Zabibu yao ni moja tu, inaitwa Prié Blanc. Mvinyo wake ni mweupe, mwepesi, una uchachu unaosisimua ulimi, na una harufu ya maua na majani ya mlimani. Watu wanaulipia kwa sababu ya uchachu huo na harufu hiyo. Mvinyo wa bondeni kwenye joto kali huwa mzito, una sukari nyingi na kileo kingi, lakini harufu ya namna hiyo ni vigumu kuipata.

Sasa shika hesabu hii. Italia nzima ina mizabibu ya zaidi ya hekta laki sita. Mizabibu ya Morgex na La Salle ni hekta makumi machache tu. Kwa wingi hawawezi kushindana na mtu yeyote, na wanalijua hilo. Kilo haziwezi kuwalisha. Kwa hiyo kila wanachofanya kinalenga kulinda kile ambacho mtu wa bondeni hana.

Mlima unalifanyia nini tunda

Hapa naomba utulie, maana muuza miche hatakueleza.

Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Tunda likiwa kwenye mzabibu linapumua kama wewe na mimi, na kupumua kunatumia akiba. Usiku wa joto, zabibu inaunguza sehemu ya uchachu wake. Usiku wa baridi inaubakiza. Mchana jua la mlimani ni kali, kwa hiyo sukari inaingia. Usiku baridi inazuia matumizi. Tunda linaiva polepole, na vitu vinavyoleta harufu vinapata muda wa kujijenga bila kupotea. Ndiyo maana kahawa inayoiva polepole mwinuko wa juu inasifiwa kuliko ile iliyoivia kwenye joto. Ni kanuni ile ile.

Mpaka hapo muuza miche yuko sahihi. Baridi ni mali. Kosa lake linaanzia hapa.

Kwa nini mche wake hautafanya hivyo kwako

Kwanza, baridi ya Alpi na baridi yako si kitu kimoja. Kule mzabibu unalala usingizi wakati wa baridi kali, hauna jani hata moja, na theluji iko juu yake. Ukiamka, unakutana na kiangazi ambacho siku moja ina mwanga wa zaidi ya saa 15. Kwetu mwanga ni saa 12 hivi, mwaka mzima, na mzabibu haulali mpaka uulazimishe kwa kupogoa. Kule mmea unakimbia haraka wakati wa mwanga mwingi, kisha unapumzika. Huku kwenye baridi na ukungu, utabaki na majani mabichi na zabibu zinazochelewa kupata sukari.

Pili, ugonjwa. Mzabibu unasumbuliwa sana na ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Ubwiri vinyoya unapenda majani yaliyolowa. Wewe unayeishi mahali ambapo asubuhi unavaa koti na ukungu hautoki mpaka saa nne, umeshauandalia kitanda. Majani ya kijani mwaka mzima yana maana kwamba ugonjwa nao haupati likizo. Utapiga dawa, mvua itaziosha, utapiga tena. Valle d'Aosta ni bonde lililozungukwa na milima mirefu inayozuia mvua nyingi. Rungwe si Valle d'Aosta. Lushoto si Valle d'Aosta.

Tatu, aina. Prié Blanc imekaa kwenye mabonde yale kwa karne nyingi. Inaiva mapema, kabla baridi ya mwisho wa mwaka haijaikamata. Wakulima wanaitandaza kwenye vichanja vifupi karibu na ardhi, ili ardhi na mawe yaliyochomwa na jua mchana yaipashe joto usiku. Hata mizizi yake ni yake mwenyewe. Mashamba mengi ya Ulaya, mizabibu inaunganishwa kwenye shina la mizabibu ya asili ya Marekani, kwa sababu ya filoksera, mdudu anayefyonza mizizi ambaye aliangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19. Kule juu Morgex mdudu huyo hakuwaweza, na mizabibu yao inasimama bila kuunganishwa. Sasa niambie, mche wa shilingi 5,000 kwenye mfuko mweusi ni wa aina gani? Umetoka wapi? Mzee alimpigia muuzaji palepale mbele yangu na kumuuliza. Jibu lilikuwa, "Ni hybrid, mzee, inakubali popote." Mkulima mwenzangu, mmea unaokubali popote haupo.

Nne, na hii ndiyo inayoua kabisa: zabibu ya mvinyo mweupe haisubiri. Viazi unaweza kuviacha ardhini wiki mbili ukingoja bei. Mahindi unayaweka ghalani. Zabibu ikishachumwa, juisi ikaanza kuvuja kwenye kreti juani, inaanza kuchacha yenyewe, rangi inageuka na harufu inakimbia. Inatakiwa ikamuliwe ndani ya saa chache. Kiwanda kiko wapi kwako? Ukipakia zabibu Njombe kwenda Dodoma, ni siku nzima barabarani kama gari halikuharibika. Utakachofikisha hakitakuwa tena na ile harufu uliyoahidiwa kulipwa kwayo.

Video haikuonyesha jambo kubwa kuliko yote

Video ilionyesha mlima, theluji na glasi. Haikuonyesha mkutano.

Zamani wakulima wa Morgex na La Salle walikuwa kila mtu na pipa lake, kila mtu na mvinyo wake. Anayekumbukwa kwa kuuweka mvinyo huo kwenye chupa na kuutangaza nje ya bonde ni padri wa parokia yao, Alexandre Bougeat. Mwaka 1983 wakulima wakaunda ushirika wao. Vishamba vyao ni vidogo, vingine havizidi bustani ya nyumbani, lakini zabibu zao zinaingia kwenye kiwanda kimoja kilicho chao, zinatoka na jina moja. Mwaka 1985 sheria ya Italia ikaupa mvinyo wa bonde hilo ulinzi wa jina. Sasa anayetaka kuandika Morgex na La Salle kwenye chupa ni lazima zabibu ziwe zimetoka hapo, za aina hiyo, kwa taratibu hizo.

Usidhani hawakuwa na njia nyingine ya kuishi. Mji wa watalii wa Courmayeur uko jirani kabisa, na kijana wa pale anaweza kuacha jembe akafanya kazi hotelini. Wanaendelea kupanda kwenye yale matuta kwa sababu kilo moja ya zabibu zao, ikiwa safi, ina maana.

Mashariki zaidi, mkoa wa milimani wa Alto Adige mpakani na Austria, nao wanasifika kwa mvinyo mweupe wa harufu. Ushirika wa wakulima wa Andriano ulianzishwa mwaka 1893, na leo sehemu kubwa ya zabibu za mkoa ule inapita kwenye vyama vya wakulima wenyewe, wengi wao wakiwa na shamba la hekta moja hivi. Huko mtaalamu wa ushirika anapita shambani kabla ya mavuno, na mwanachama analipwa kwa ubora. Aliyeleta nyingi lakini mbovu hapati sawa na aliyeleta kidogo iliyo safi. Soma tena sentensi hiyo.

Kwa hiyo mzee wangu aliposema "wana baridi na sisi tuna baridi", alisahau kuuliza kama sisi pia tuna mkutano wa namna hiyo. Sisi tuna lumbesa. Tuna mtu anayeweka viazi vidogo katikati ya gunia na vikubwa juu. Tuna kahawa mbivu inayochumwa pamoja na mbichi kwa sababu jirani ameanza kuchuma na wezi wapo. Tuna mfanyabiashara anayechanganya maharage ya mlimani na ya bondeni kwenye gunia moja, kisha analalamika kwamba mjini bei ni moja. Bei itakuwaje mbili wakati umeuza mchanganyiko?

Nimekugusa wewe mfanyabiashara? Vizuri. Na mimi nijiguse.

Kosa langu mwenyewe

Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kazini, nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikahimiza paprika. Niliambiwa mnunuzi yupo. Nilimwamini, sikuomba kuona mkataba. Watu waling'oa maharage, wakapanda. Msimu wa kwanza mnunuzi alikuja, msimu wa pili hakuja. Mama mmoja alinionyesha magunia matano kwenye chumba cha watoto. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mtaalamu, hizi tunazila na nini?" Swali lile sijalisahau.

Ndiyo maana nawalaumu maafisa ugani wenzangu, na viongozi wanaopenda neno "fursa". Tunakuwa wepesi wa kutangaza zao na wazito wa kuuliza nani ananunua. Mkulima akifilisika, sisi mshahara unaingia.

Wanaonipinga wanasema nini

Watasema, "Mbona Dodoma wanalima zabibu na mvinyo unatoka?" Ni kweli, na nawapongeza. Lakini Dodoma ni nchi kavu yenye kiangazi kirefu. Ukavu ule ndio unaoupunguza ugonjwa, na kwa kupogoa kwa mpango wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kuna kituo cha utafiti Makutupora kilichofanya kazi ya zabibu kwa miaka mingi. Viwanda vipo humo humo. Na pamoja na yote hayo, unajua mwenyewe kilio cha mkulima wa Dodoma kukosa mnunuzi wakati zabibu zimeiva. Kama mwenye kiwanda jirani analia, wewe wa mbali utafanya nini?

Watasema, "Kenya wamelima karibu na Naivasha, na kule ni juu." Kweli tena. Ziwa Naivasha lenyewe liko juu ya mita 1,800. Lakini Naivasha haipati mvua nyingi, na waliopanda mizabibu walikuwa na kiwanda chao cha kukamulia. Hawakuanza na miche ya mfuko mweusi na namba ya simu.

Sisemi mzabibu hauwezi kamwe kuota kwetu. Panda miwili nyuma ya nyumba, watoto wale. Ninachokataa ni mkopo wa milioni tatu kwa zao lisilo na majaribio mahali pako, lisilo na mnunuzi na lisilosubiri.

Fanya haya

Ukiletewa miche ya "zao jipya la dhahabu", uliza maswali manne, na uyaandike majibu:

1. Nani atanunua, na mkataba uko wapi? Aliyekuuzia mche akisema atanunua mwenyewe, aweke saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji.
2. Jina kamili la aina ni lipi, na taasisi gani imeithibitisha?
3. Nionyeshe shamba la mkulima wa kawaida, mwinuko kama wangu na mvua kama yangu, lililovunwa angalau misimu mitatu.
4. Kutoka shambani mpaka kiwandani ni saa ngapi?

Jibu moja likikosekana, funga pochi.

Kisha geukia ulichonacho, ufanye walichofanya watu wa Morgex:

1. Jiulize mlima wako unatoa nini ambacho bondeni hakipo. Inaweza kuwa kahawa, viazi vya mbegu, njegere au maharage yanayokuja wakati kwingine hakuna.
2. Tafuteni watu kumi wanaoaminiana, wasizidi ishirini kwa kuanzia. Kubalianeni aina moja, siku moja ya kuanza kuvuna, na kipimo kimoja cha kukataa mzigo mbovu. Wa kwanza kukataliwa mzigo awe mwenyekiti wa kikundi kama ameleta vibaya. Siku hiyo kikundi kitakuwa kimezaliwa.
3. Usichanganye. Mzigo wa juu uwe na gunia lake, alama yake na jina la kijiji. Uza kwa kilo. Lumbesa ni wizi, na sheria ya vipimo inaikataza.
4. Usiuze zao likiwa bado bichi shambani. Ndugu zetu wa Kagera wanaijua butura na walichopoteza kwayo.
5. Mfanyabiashara, lipa tofauti. Mzigo safi ukilipwa sawa na mchafu, msimu ujao utaletewa michafu yote, na utakuwa umeinunua tabia hiyo kwa fedha yako.

Na wewe wa Dodoma uliye na mizabibu tayari, usiing'oe kwa hasira. Chuma alfajiri kabla jua halijachoma. Usimwagilie mwishoni ili kuongeza uzito, maana unaongeza maji na kupunguza ladha. Kikundi kiwe na kipimo chake cha sukari, msitegemee cha mnunuzi peke yake. Na zabibu yako nyeupe ya Chenin Blanc ina sifa ya kubaki na uchachu hata kwenye joto. Hiyo ndiyo mali yako, dai ilipwe.

Mzee wangu hakuchukua mkopo. Juzi alinipigia. Wako kumi na wawili sasa, wamekubaliana kutenganisha viazi kwa ukubwa na kuuza kwa kilo, na tayari wanagombana kuhusu nani ashike mizani. Nimemwambia ni dalili njema, kwa sababu hata kule Italia naamini hawakuanza kwa kukumbatiana.

Alhamisi nitakuwa nao shambani kwake kuanzia saa tatu asubuhi. Kama uko jirani, njoo. Na kama una risiti ya miche hiyo ya mfuko mweusi, njoo nayo tuisome pamoja.